Kioo cha Tatu

Mlangoni walimrudishia mama noti yake.
"Imechanika pembeni, mama. Hatupokei."
Mama Mwadi akaitazama kama unavyomtazama mtoto
aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo,
akaikunja mara nne, akaitia kifuani,
akatoa nyingine, ngumu, yenye harufu ya benki.
Tukaingia.

Jumba hili lilikuwa la gavana.
Babu Kilufya alisugua sakafu yake miaka kumi na mmoja,
kwa magoti, kwa nta ya kopo jekundu,
na hakuwahi kuikanyaga kwa viatu.
Leo mama amevaa viatu.
Anatembea kisigino kwanza,
ko, ko, ko,
kama mtu anayebisha hodi kwa waliolala chini.

Kioo cha kwanza: ngoma iliyopasuka,
kinyago kisicho na mchezaji,
na ubao wa lukasa uliojaa shanga.
Numbi, kijana anayeongoza wageni, anaeleza:
huu mstari ni safari, shanga hii kubwa ni mfalme,
na wazee hawakuusoma kwa macho,
waliusoma kwa kidole.
Mama akanyoosha kidole.
"Hairuhusiwi kugusa, mama."
"Sasa nani atausoma?"
Numbi akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kioo cha pili: misalaba ya shaba.
Si ya kanisa. Mikono minne, minene, sawasawa,
imelazwa juu ya kitambaa cheusi kama samaki sokoni.
"Hizi ndizo zilikuwa falanga," anasema Numbi.
"Wala shaba walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu,
wakavukuta usiku kucha,
alfajiri wakamimina jua kwenye mchanga."
"Ulinunua nini?" mama anauliza,
na sauti yake imebadilika, ni ya kazini:
miaka thelathini ya kiti na mwavuli,
matofali ya noti miguuni,
Kamalondo nzima ikimjua kwa mbio za dole gumba.
"Mmoja kwa mbuzi? Na chenji je?"
Numbi anasema ilitegemea mwaka, na njaa.
"Ee," anasema mama. "Kumbe hata hiyo."

Mimi namuwaza kaka, Ruashi, ndani ya shimo,
tochi kwenye paji la uso.
Shaba ni ileile.
Yake inaondoka kwa magunia, haina mikono wala jina,
na mizani ya mnunuzi
kila siku inalalia upande mmoja.

Kioo cha tatu.
Hapo mama alisimama.
Noti moja, ya kijani, chui pembeni,
ile tuliyoamka asubuhi redio ikasema si kitu.
Zake zilikuwa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda:
mabati ishirini na nne ya nyumba ya Katuba,
tayari yamehesabiwa, bado kununuliwa.
Sisi watoto tulizichezea duka mpaka mvua ilipoanza,
ikaingia ndani.

"Angalia," akasema, si kwangu, si kwa Numbi.
"Moja ina taa yake. Ina kufuli yake. Ina mlinzi."
Pumzi yake ikafunika kioo ukungu,
na ndani ya ukungu ule nikaona dole gumba lake
likihesabu hewa, haraka, bila kukosea,
mia, mia mbili, mia tatu,
mpaka mwisho wa kopo.

Akaitoa ile iliyochanika.
"Numbi, iwekeni humu basi."
"Bado, mama. Labda miaka hamsini."
"Haya. Nitaingoja nje."

Nje jua lilikuwa kali, vumbi jekundu,
na mwanamke anauza chikanda kwenye beseni.
Mama akachukua vipande viwili, akampa noti ileile.
Yule dada akaitazama ulipochanika,
akalamba kidole,
akaiunga,
akaturudishia chenji.